Chumba cha Wakwe

Ifakara, 16 Novemba 2024

Mkwe mwenzangu mpendwa, Mama Happyness,

Nilifundisha watoto wa shule ya msingi maisha yangu yote waanze barua na "dhumuni la barua hii", na leo dhumuni lenyewe limenijaa kooni hata sijui nianzie wapi. Ngoja niseme tu: njoo ule Krismasi kwetu! Tena uje mapema, usingoje siku ya mkesha kama mgeni wa harusi. Njoo wiki mbili tatu kabla, ukae, ule, ulale, mpaka mwenyewe utuchoke.

Utashangaa kwa nini naandika wakati huu wa simu. Nimekupigia mpaka vocha imelia. Mwanangu Donati ananiambia huko kwenu Malinyi mtandao anaupata aliyepanda kichuguu, tena kichuguu chenyewe kiko nyuma ya zizi. Sitaki kukupandisha kichuguuni kwa jambo kubwa kama hili. Omega, kondakta wa basi la huko, alikuwa mwanafunzi wangu, na ameapa ataifikisha barua hii mkononi mwako.

Sasa habari za binti yako. Happy mzima kabisa, tumbo limeshuka, miguu inavimba kidogo jioni lakini kliniki hawana wasiwasi. Wanasema atajifungua karibu na Krismasi. Anakula maembe mabichi kwa chumvi mpaka meno yananiuma mimi. Na kila siku ananiambia hataki kitu kingine, ila mama yake awe karibu siku hiyo. Anasema huku anacheka, lakini mimi nimezaa wanne, najua kicheko hicho kinaficha nini.

Tangu watoto waoane umekuja hapa mara moja tu. Ukakaa uani kwenye mkeka, ukanywa maji, ukaondoka kabla jua halijazama. Safari hii hapana! Nimemwita fundi Hermenegildi, anaongeza chumba kwenye nyumba. Nikipita mtaani nasema "chumba cha wakwe" hata kwa watu wasioniuliza.

Na jambo moja jingine ambalo moyo wangu umeling'ang'ania. Kwetu sikukuu zote wanaume wanakula sebuleni, wanawake jikoni, watoto kwenye mkeka. Mwaka huu nataka meza moja. Wote, wewe na mimi na Donati na Happy, na dada yangu Bernadeta na wanawe kutoka Mahenge, meza moja mpaka wali uishe. Nikishaona hivyo hata mwaka mpya usipofika sina neno.

Mpe mumeo, mzee Masalu, shikamoo yake. Nijibu upesi.

Mkwe mwenzako mwenye haraka,
Stefania


Malinyi, 22 Novemba

Mama Donati, mkwe mwenzangu,

Mwangaluka. Barua nimeipata. Omega aliileta mpaka zizini, viatu vimejaa tope, akakataa kumpa mtu mwingine, hata mume wangu alipomwambia yeye ndiye mwenye mji. Nimeisoma mara mbili. Mzee akataka kile kipande cha maembe kisomwe tena.

Wabeja, asante, mkwe mwenzangu. Wabeja sana. Nitakuja. Mzee atabaki na ng'ombe, maana mashamba ya watu yamelimwa, na ng'ombe mmoja akikosea njia ni kesi. Mimi nitakuja, binti yangu asiwe peke yake.

Ila chumba usijenge. Nakuomba. Mimi ni mtu wa kulala popote. Jirani yako Agnella, yule anayechukua maziwa kwa watu wetu, ana kibanda nyuma ya nyumba yake. Nitafikia hapo. Mchana nitashinda kwako, usiku nitarudi kwa Agnella. Chakula ukinipa uani kinatosha. Na hiyo meza ni nzuri, lakini mimi nimezoea kula chini, usinihesabu.

Namletea Happy samli. Aweke kijiko kwenye uji wa asubuhi, asiwe mvivu.

Milembe


Ifakara, 25 Novemba

Mkwe mwenzangu,

Kwa Agnella! Kwenye kibanda chenye mkaa na kuku! Nimesoma nikakaa chini. Nikasimama, nikasoma tena. Halafu nikakuelewa. Wewe ni mtu wa heshima, unaogopa kunitia gharama na usumbufu. Donati alinionya tangu siku ya posa: "Mama, watu wa kwao Happy hawaombi kitu, lazima uwape kwa nguvu." Basi nakupa kwa nguvu.

Chumba kimefika kwenye linta, juu ya madirisha! Nimekiweka ubavuni mwa chumba cha Donati na Happy kabisa, ukuta mmoja, ili usiku ukimsikia binti yako anaugua ugonge tu ukutani. Juu ya ukuta nimemwambia Hermenegildi aache wazi kidogo kwa ajili ya hewa, maana joto la Desemba hapa unalijua. Mtakuwa mnasikiana hata mkinong'ona.

Na sasa shika kitu usianguke: nimejenga choo cha ndani. Cha kukaa! Cha kwanza mtaa huu. Usiku huna haja ya kutoka na tochi kwenye matope. Ukitoka chumbani unapita koridoni mbele ya mlango wa Donati, unakatiza sebuleni pale anapoangalia mpira, na mlango wa choo ndio huo, unatazamana na kochi lake. Huwezi kupotea.

Nimeshampa Donati kazi yake pia. Kila asubuhi atakuchemshia maji ya kuoga, alete ndoo mpaka mlangoni kwako, agonge hodi. Ameitazama ndoo, akanitazama mimi. Nikamwambia mkwe ni mama, abebe ndoo.

Meza inachongwa. Umehesabiwa, tena wa kwanza.

Stefania


Malinyi, 30 Novemba

Mama Donati,

Mwangaluka. Pole na kazi ya ujenzi. Umefanya makubwa.

Nasikitika kukwambia sitaweza tena. Kuna ndama wangu anaharisha, hataki kunywa kwa mtu mwingine ila mimi. Pia mguu wangu wa kushoto unauma mvua ikianza. Na wanasema barabara ya huku itakatika wakati wowote. Labda nitakuja mwezi wa kwanza, mtoto akiwa ameshatoka.

Mwambie Donati asihangaike na maji.

Msalimie mwanangu. Mwambie asilie.

Milembe


Ifakara, 2 Desemba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naandika haraka, mama Stefania amekwenda sokoni kuchagua mapazia ya chumba chako. Amerudi mara mbili kubadilisha rangi.

Mama, ndama gani huyo anayeharisha tangu nilipokuwa msichana? Na mguu wa kushoto? Mwaka jana ulikuwa wa kulia.

Najua sababu. Nimejua tangu siku Hermenegildi alipochora msingi kwa chaki. Huwezi kulala nyumba moja na mkweo wa kiume, ukuta mmoja, choo kimoja, upishane naye koridoni umejifunga khanga. Niliposikia habari ya Donati kukuletea maji ya kuoga niliingia chumbani nikauma mto. Donati naye anajua, hata usingizi hapati, lakini hathubutu kumwambia mama yake. Anasema atamwambiaje, "Mama, nyumba uliyojenga kwa mikono yako ina aibu"? Na mimi ndiyo kabisa. Mimi ni mke wa mtu hapa. Siwezi kusimama nikaanza kupanga mama yangu alale wapi na mume wangu apite wapi.

Yeye hana ubaya, mama. Ana furaha tu. Anaamka anaimba. Jana nimemkuta amekaa peke yake ndani ya chumba chako kisicho na mlango, amekunja mikono, anatabasamu ukutani. Watu wa mjini hapa wamechanganyikana miaka mingi, wakwe wanalala popote, hajui kwamba kwetu haiko hivyo. Na kila unavyokataa kwa adabu, yeye anaongeza kitu. Ukimwandikia tena kwamba usihangaike, nadhani atajenga ghorofa.

Mwambie wewe. Wewe ni mkubwa mwenzake. Mimi naogopa, mama. Mchana nacheka nao, lakini naogopa sana. Sitaki kuzaa mkono wangu ukiwa umeshikwa na mtu mwingine, hata akiwa mwema kiasi gani. Nakutaka wewe.

Mwanao,
Happyness


Malinyi, 5 Desemba

Mkwe mwenzangu Stefania,

Ndama ni mzima. Mguu ni mzima. Barabara inapitika. Nilikudanganya kwa sababu ya haya, na sasa naona haya yangu yatamfanya binti yangu azae peke yake, kwa hiyo nasema.

Siwezi kulala ndani ya nyumba anamolala Donati. Siwezi kupita mbele ya mlango wake usiku. Siwezi kukaa kwenye choo alichotoka yeye sasa hivi, yeye akiwa kwenye kochi anasikia. Siwezi kula naye uso kwa uso, yeye akanitazama ninavyotafuna. Na akiniletea maji ya kuoga, mkwe mwenzangu, nitatoka dirishani nirudi Malinyi kwa miguu.

Usifikiri simpendi. Nampenda, ndiyo maana. Yeye ndiye anayemlaza binti yangu na kumlisha, sitaki anizoee mpaka anione kama mtu wa kawaida. Mama yangu alimheshimu mume wangu Masalu hivyo hivyo. Kila Masalu alipokuja alimwona mgongo tu. Lakini kuku bora wa mji alikuwa wake, na alipougua ni mama aliyeuza shanga zake atibiwe. Kwetu hayo ndiyo mapenzi ya mama na mkwe.

Kujenga umejenga kwa moyo mweupe, na mimi nimekaa kimya mpaka linta, mpaka choo. Kosa langu hilo. Usimkasirikie Happy. Nipe kibanda cha Agnella, hata na kuku, nitakuja kesho yake.

Milembe


Ifakara, 7 Desemba

Milembe wangu!

Nimecheka mpaka Happy akaja mbio ameshika tumbo akidhani ninaumwa. Maji ya kuoga! Nimemtuma mtoto wa kiume akamgongee mama mkwe wake na ndoo ya maji ya moto! Nikashika kichwa nikacheka tena, halafu nikalia kidogo, sikufichi, kwa sababu nilikipenda chumba kile. Ikabidi Happy anikalishe chini anipe maji kama mgeni.

Halafu nikapata akili ya haraka. Nikamwita Hermenegildi nikamwambia bomoa hapa, toboa mlango kule, ziba juu, hamisha choo. Akachukua nyundo. Amepandisha tu mkono, Happy akaniuliza taratibu sana, "Mama, shamba la Namawala Donati ameshaanza kulima?"

Mkwe mwenzangu, kubomoa nyumba ni kazi ya mwezi. Kumhamisha Donati ni kazi ya nusu saa! Desemba yote anatakiwa awe shambani, yuko hapa anaangalia mpira. Nimemfungia chandarua, sufuria, mchele na dagaa, nimempandisha kwenye bodaboda na jembe lake. Atalala kwenye dungu la kulindia shamba, kule juu ya nguzo, kama alivyolala marehemu baba yake, na mvua ikinyesha atakuwa na bati la mwaka jana. Unajua alisema nini? "Asante, mama." Sijawahi kumwona mtu amefukuzwa kwake akashukuru namna ile.

Nyumba hii sasa haina mwanaume ila jogoo. Koridoni pita utakavyo. Choo ni chako, kaa mpaka uchoke.

Njoo. Donati hayupo.

Stefania


Dunguni, Namawala, 13 Desemba

Mama, shikamoo.

Nampa Beno barua hii, anapita kwa baiskeli na samaki. Simu imezima siku ya pili tu nilipofika, na wa kunichajia yuko mbali.

Huku salama. Nimelima upande wote wa mtoni, nikimaliza huu wa juu nitasia. Mbu wa huku hawajali chandarua, wananisubiri nitoke. Usiku mmoja panya alipanda dunguni akala dagaa zote akaniachia vichwa. Naota wali wako kwa nazi, mama. Naamka nikitafuna.

Mama mkwe ameshafika? Happy anaendeleaje? Miguu bado inavimba? Mwambie nimemchongea mtoto kitu, asimwambie mtu.

Sasa, mama, naomba kuuliza kwa adabu. Ulinieleza vizuri kwa nini niondoke, na ninakubali, namheshimu sana mama yule. Ila hukuniambia nitarudi lini. Akikaa mpaka mwezi wa pili nami nakaa huku mpaka mwezi wa pili? Na Krismasi nitakula wapi? Ulisema meza moja. Mbao za meza hiyo nilizibeba mimi kutoka kiwandani, juu ya kichwa changu.

Mwanao,
Donati


Ifakara, 16 Desemba

Donati mwanangu,

Marahaba. Pole na panya.

Mama mkwe wako amefika, na ameliteka jiko langu. Mimi, mwenye jiko, naomba ruhusa ya kuchemsha chai! Asubuhi uji wa ulezi na samli, mchana ugali na maziwa ya mgando, na Happy anakula vyote bila kunung'unika, yeye aliyenigomea supu yangu ya samaki kitoga mwezi mzima. Nimeona wivu siku mbili, ya tatu nikaonja ule uji, wivu ukaisha. Tunazungumza mpaka mate yanakauka. Unajua yule mama ni mchekeshaji? Ananiigiza mimi ninavyoandika barua. Choo cha ndani anakiita ofisi.

Sasa hiyo meza. Hermenegildi alichukua vipimo siku niliyokuwa nimefurahi sana, kila alipouliza "iishie hapa?" mimi nikasema "ongeza." Meza imekuja, haiingii sebuleni. Tumeisukuma mpaka kwenye kochi, na bado nusu yake imebaki barazani, mlango umekaa katikati yake haufungiki. Jana mbuzi wa Agnella amekula kitambaa chake. Bernadeta na wanawe wanafika Ijumaa, watalala chini yake ikibidi.

Umeniuliza swali la Krismasi. Nimelisoma mara nyingi, mwanangu. Nilipokufukuza nilikuwa na furaha sana hata sikufikiria mbele ya pua yangu. Nimejenga nyumba nzima ili wote tule meza moja, na mwenye nyumba yuko kwenye dungu na panya. Siwezi kumwomba mama yule aende kwa Agnella siku ya Krismasi. Na siwezi kula wali huo wewe ukiwa huko, hautapita. Sijui nifanyeje. Nipe siku mbili tatu.

Mama yako


Ifakara, 20 Desemba

Mume wangu,

Msichana! Jana asubuhi, kabla kengele ya misa haijalia. Ana nywele nyingi na hasira. Wauguzi walinipongeza, lakini ni mama aliyenishika mkono mwanzo mpaka mwisho, na vidole vyake sasa vimevimba kuliko miguu yangu. Alisema tu, "Niko hapa," kila nilipofumbua macho. Sikuogopa, Donati. Nilidhani nitaogopa, sikuogopa.

Leo tumeruhusiwa, tuko nyumbani. Bibi zake wanagombania jina. Kila mmoja anataka la mwenzake.

Kuna kitu lazima nikuambie, maana hukukiona vizuri. Jana mchana ulipokuja dirishani wodini baada ya Beno kukupa habari, umelowa, baiskeli yake umeiegemeza ukutani, mimi nilikuwa nimesinzia. Mama alikuona kwanza. Nilifumbua macho nikamkuta ameshakugeuzia mgongo, anatazama ukutani, khanga ameivuta mpaka machoni. Ukadhani amekukataa, ndiyo maana ukaondoka upesi. Lakini kabla hujaondoka si ulimwona mtoto? Amekaa juu kabisa ya bega, uso wake umekuelekea wewe? Watoto hawabebwi hivyo, Donati. Mama alimpandisha pale kwa ajili yako. Alikaa vile mpaka mikono ikamtetemeka, na wewe ulishapanda baiskeli zamani.

Nakukosa. Mtoto ana masikio yako, pole yake.

Happy


Dunguni, Namawala, 21 Desemba

Mama mkwe,

Shikamoo.

Sijawahi kukuandikia na sijui kama inaruhusiwa. Kama hairuhusiwi, mpe Happy hiyo karatasi awashie moto, mimi sitauliza.

Nilimwona mtoto. Happy amenieleza habari ya bega. Nimesoma hapo mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote shuleni, na mama yangu alikuwa mwalimu wangu.

Asante kwa kumshika mkono mke wangu. Mimi nisingeweza kumsaidia kama ulivyomsaidia wewe.

Krismasi nitabaki huku. Mama yangu atalia kidogo, kisha atanyamaza, yeye ndivyo alivyo. Wewe kaa ule, hiyo meza uliandaliwa wewe. Beno anakuletea kitoga mkubwa, nimemvua mwenyewe jana jioni. Ni wa kwako, si wa nyumba. Sijui kwenu mkwe anatoa nini kwa mama wa mke wake. Huku nilicho nacho ni hiki.

Donati


Ifakara, 23 Desemba

Mkwe wangu Donati,

Barua imefika, samaki amefika. Karatasi sikuichoma.

Kwetu mkwe analeta mbuzi. Wewe umeleta samaki, mkubwa hata mkia ulikuwa unagusa tairi la Beno. Nimekaa naye jikoni nikamtazama, mama yako akaniuliza mbona sipiki. Nikamwambia subiri kwanza. Nimempokea, nikambanika kwa chumvi adumu mpaka Krismasi. Mzee Masalu akiuliza nitamwambia alikuwa mbuzi wa majini.

Wewe hutabaki kwenye dungu. Mama yako amepoteza hamu ya kuimba. Anapika maandazi, anayahesabu, anaacha moja kando. Nimelala katika nyumba yako siku nyingi, kwenye chumba ulichobeba matofali yake, na mwenye nyumba analala na panya. Hiyo si heshima tena. Ni mimi nimekufukuza.

Basi sikiliza nilivyopanga. Usiku nitalala kwa Agnella, kuku tumeshapatana, na chumba changu kitanisubiri mpaka utakaporudi kulima. Hilo ni dogo. La mchana ndilo lilinisumbua, mpaka leo nilipokuwa nafagia baraza nikajigonga paja kwenye ile meza ya mama yako. Imekaa nusu ndani, nusu nje, mlango katikati. Nikasimama nikaitazama. Wote wanailaumu meza hiyo. Mimi nimeona imekatwa sawasawa kabisa.

Nitatundika kitenge changu mlangoni, juu ya meza, kishuke mpaka kwenye mbao. Wewe na wana wa Bernadeta mtakaa upande wa sebuleni. Mimi, Happy na mtoto, na Bernadeta tutakaa upande wa barazani. Mama yako akae anapotaka, najua atakuwa anazunguka tu. Sitakuona, hutaniona nikitafuna. Sahani zipite chini ya kitenge. Meza ni moja, mama yako akipima mwisho hadi mwisho ataona ni moja.

Nilipomwambia, alinikumbatia na mwiko mkononi. Nguo yangu ina mchuzi mgongoni.

Njoo Krismasi baada ya misa. Uje na kile ulichomchongea mtoto.

Milembe


Ifakara, 25 Desemba, mezani

(Karatasi moja, imekunjwa ndogo, imepita chini ya kitenge mara tatu.)

Mama mkwe, shikamoo.

Naandika kwa kuwa sijui kama sauti inaruhusiwa kupita kwenye pazia. Samaki ni mtamu sana, umempika vizuri. Nimemchongea mtoto ng'ombe wa mti, ila pembe moja imevunjika njiani. Namwomba mtoto kidogo, kama amemaliza kunyonya. Bado sijamshika.
Donati

Acheni kuandikiana ninyi wawili, wali unapoa! Nimekaa katikati hapa mlangoni, naona pande zote mbili, na hakuna mtu ananihurumia machozi haya. Ongezeni nyama.
Stefania

Marahaba, mwanangu.

Ng'ombe wa pembe moja tunao hata sisi, anakamuliwa vizuri tu. Mtoto ameshiba. Yeye hana mkwe, anaweza kupita popote.

Nyoosha mikono chini ya kitenge. Anakuja.
Milembe